Utando wa mkononi na mwizi aliyetupita



Jumamosi moja alasiri nilifika kwa dada yangu nikasikia kelele za watoto uani. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono ameunyoosha mbele, na kwenye kifundo cha mkono amefunga kitu ambacho kwa mbali nilidhani ni bandeji. Nikaingiwa na hofu kwamba ameumia. Nilipokaribia nikaona ni bomba la sindano lililokatwa katikati, springi za kalamu mbili zilizounganishwa, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kama mkanda, na uzi wa kuvulia samaki uliofungwa kwenye msumari mdogo uliokunjwa ncha. Akabonyeza. Msumari ukaruka kama hatua tatu, ukagonga ukuta, ukaanguka chini. Wadogo zake wakashangilia kama vile limefungwa goli la fainali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Ni kile cha Spider-Man, mjomba. Kuna Wazungu wametengeneza kinachofanya kazi kabisa. Mimi bado najaribu."

Mama yake akasikia kutoka jikoni. "Kaka, afadhali umekuja. Mwambie huyo. Mitihani iko mlangoni, yeye yuko na mambo ya katuni. Na tena tumeambiwa hayo masinema yana roho zake."

Nikaombwa niseme neno, papo hapo, nimeshika kikombe cha chai. Nikamwambia dada yangu kwamba neno nitalisema, ila kwanza anipe muda nikasome, maana si vizuri mtu kuhukumu kitu asichokijua. Nimesoma, na leo nakuletea wewe pia, kwa sababu nadhani humo nyumbani mwako yuko kijana wa namna hiyo, au ulikuwa wewe miaka ile ya magari ya waya na visoda.

Huyu Spider-Man alizaliwa katika jarida la katuni huko Marekani, Agosti 1962. Waliomtunga ni mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Ni hadithi ya kijana yatima wa shule, Peter Parker, anayelelewa na ndugu wa baba yake na mke wake. Anaumwa na buibui mwenye mionzi, anapata nguvu za ajabu na uwezo wa kutambaa ukutani. Lakini utando haukutoka kwa buibui. Ule utando anaourusha kutoka mkononi aliutengeneza mwenyewe, chumbani kwake, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari wa sayansi. Alichanganya kemikali, akatengeneza vifaa viwili vidogo, akavifunga mikononi. Filamu ya mwaka 2002 ililibadilisha jambo hilo, ikaufanya utando utoke mwilini mwake. Wapenzi wengi wa hadithi hiyo walinung'unika, na mimi nawaelewa. Filamu ya mwaka 2012 ikakirudisha kile kifaa cha kutengenezwa.

Kwa nini walinung'unika? Kwa sababu nguvu za kuumwa na buibui hazipatikani dukani, lakini kifaa ni kitu ambacho mtu mwenye bisibisi na subira anaweza kukijaribu. Na wamejaribu kweli. Wapo mafundi wa kujifurahisha, watu wenye kazi zao za mchana, ambao jioni hukaa gereji wakitengeneza hicho kitu. Wengine huchukua kopo la nyuzi za povu, zile zinazopulizwa kwenye sherehe za kuzaliwa, wakalifunga mkononi pamoja na kitufe. Wengine hutumia kichupa kidogo cha gesi iliyoshindiliwa, ambayo husukuma kishale chenye uzi nyuma yake, na mota ndogo ikauvuta uzi urudi. Fundi mmoja wa Ujerumani alizungusha waya wa shaba, akapitisha umeme wa ghafla ukafanya sumaku, na sumaku ile ikafyatua kichusa kidogo chenye ncha ya shaba nyeupe kilichofungwa uzi. Siku hizi wengi huchapa sehemu za plastiki kwa printa zile zinazojenga kitu tabaka kwa tabaka, wakakosea, wakachapa tena.

Wanaorusha uzi wamekwama mahali pamoja. Kwenye katuni, kilichomo ndani ya kifaa ni maji, na yakigusana na hewa yanageuka kamba. Mafundi hawa hawana maji hayo. Kwa hiyo kamba zao zimekwisha kutengenezwa tangu kiwandani, zimeviringishwa tu humo ndani zikisubiri kurushwa. Walioikaribia siri hiyo zaidi hawakuwa hata wanatafuta kitu cha Spider-Man. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, jimbo la Massachusetts, mtafiti mmoja alikuwa akitengeneza gundi kwa hariri ya viwavi. Siku moja anaosha vyombo vyake vya kioo kwa asetoni, akaona chini ya chombo pameota kitu kama utando. Kutokana na bahati hiyo yeye na wenzake wakatengeneza kimiminika kinachotoka kwenye sindano, kinaganda hewani na kunata kwenye kitu na kukiinua. Matokeo yao yalitoka mwaka 2024. Uzi wao umeinua vitu vyenye uzito zaidi ya mara 80 ya uzito wake wenyewe. Na bado wenyewe wanakiri kwamba hariri ya buibui halisi inaushinda uzi wao kwa nguvu, kama mara 1,000 hivi.

Nilipofika hapo niliweka miwani chini nikacheka peke yangu. Mdudu yule tunayemfagia darini kila Jumamosi!

Sasa, hili la roho. Dada yangu anisamehe, maana nitamjibu hadharani. Biblia haiogopi mtu mwenye mikono ya ufundi. Kutoka 31 inasimulia jinsi Mungu alivyomwita Bezaleli kwa jina lake, akamjaza Roho wake, na kazi aliyojaziwa Roho haikuwa kuhubiri. Ilikuwa kuchonga vito, kufua dhahabu na kufanya kazi ya mbao. Ehudi, katika Waamuzi 3, alijitengenezea upanga mfupi wa makali mawili akaufunga pajani chini ya nguo. Naye alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo aliufunga upande ambao hakuna aliyeushuku. Kijana yeyote akisomewa habari hiyo vizuri, hatasinzia kanisani.

Lakini sura niliyokaa nayo wiki nzima ni 2 Mambo ya Nyakati 26. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliisikia mimbarani. Uzia alitawazwa kuwa mfalme wa Yuda akiwa na miaka 16, umri ule ule wa mpwa wangu, akatawala miaka 52. Alikuwa mpenda ardhi, alichimba visima jangwani, alikuwa na wakulima na watunza mizabibu. Na humo katika mstari wa 15 tunaambiwa alifanya mitambo Yerusalemu, iliyobuniwa na mafundi wenye akili, ikawekwa minarani na pembeni mwa kuta, kwa ajili ya kutupa mishale na mawe makubwa. Unaona? Mitambo ya kurusha, na mafundi waliokaa wakakuna vichwa. Maandiko hayaikemei hata kidogo. Yanasema jina la Uzia likaenea mbali kwa sababu alisaidiwa kwa namna ya ajabu hata akawa na nguvu.

Mstari wa 16 ndio unaotia uchungu. Alipokuwa na nguvu, moyo wake ukatukuka. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani 80, watu mashujaa, wakamzuia. Akakasirika, chetezo kikiwa mkononi, na ukoma ukamtokea katika kipaji cha uso mbele yao. Akafa akiwa anaishi nyumba ya peke yake. Mitambo yake, kwa jinsi tunavyoambiwa, haikuwa na hitilafu yoyote.

Utaniuliza, hiyo inahusianaje na kijana juu ya ndoo? Inahusiana kwa sababu hadithi ya Spider-Man yenyewe, ukiisoma tangu mwanzo wake mwaka 1962, haihusu kifaa. Wengi wanaoipenda wanaifahamu, ila sisi wa kanisani tumeishia kutazama mavazi. Kijana yule alipopata nguvu na kumaliza kifaa chake, hakwenda kuokoa mtu. Alikwenda kutafuta pesa. Alishindana mieleka kwa malipo, kisha akaanza kuonekana kwenye televisheni. Jioni moja, baada ya onyesho, mwizi akapita mbio mbele yake kwenye korido, askari akimfukuza na kupiga kelele za kuomba msaada. Kijana angeweza kumzuia kwa mguu mmoja tu. Hakufanya kitu. Mwizi akaingia kwenye lifti akaenda zake. Askari alipomlaumu, kijana akajibu kwamba hiyo si kazi yake, na kwamba tangu sasa anajiangalia yeye mwenyewe. Siku chache baadaye baba yule aliyemlea akauawa nyumbani na mwizi. Kijana akamfuatia muuaji usiku, akamkamata, akamtazama usoni. Alikuwa yule yule wa kwenye lifti.

Hapo ndipo hadithi inafungwa kwa maneno yale mashuhuri juu ya uwezo mkubwa na wajibu mkubwa, ambayo mkristo yeyote aliyesoma Luka 12:48 ataona ameshayasikia mahali. Maneno hayo yamefika mbali. Mwaka 1990 Mmarekani mmoja, Stephen Kimble, aliomba hataza ya mchezo wa watoto, glavu inayorusha nyuzi za povu kutoka kiganjani. Akagombana na kampuni yenye haki za Spider-Man, wakapatana mwaka 2001, kisha wakagombana tena juu ya malipo, hadi kesi ikafika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Mwaka 2015 majaji walimkatalia, 6 kwa 3, wakasema malipo ya hataza hayawezi kuendelea baada ya hataza kwisha muda. Jaji Elena Kagan, aliyeandika hukumu, aliyakumbusha humo maneno hayo ya katuni, akimaanisha kwamba hata mahakama yenye uwezo wa kutangua maamuzi yake ya zamani haina budi kuutumia kwa uangalifu. Hukumu ya mahakama, juu ya mchezo wa watoto wa kurusha povu!

Lakini mimi nimebaki kwenye ile korido. Nimejaribu kutoka nimeshindwa, na sababu nitakueleza, ingawa si rahisi kuiandika.

Miaka michache iliyopita akina mama wa mtaa wetu walikuwa na kikoba. Kila Jumapili baada ya ibada wanakaa chini ya mwembe, wananunua hisa, wanakopeshana, wanagonga muhuri vitabu. Mimi nilikuwa karani enzi za ajira yangu, basi siku moja wakaniomba niwapitishie hesabu, kwa kuwa Desemba ilikuwa inakaribia na wangevunja kikoba wagawane. Nikakaa na daftari. Baada ya nusu saa nikaona mahali ambapo mkopo umeandikwa umerudishwa, lakini pesa yake haimo katika jumla ya sanduku. Shilingi laki tatu na arobaini elfu. Nikarudia. Ilikuwa vile vile. Aliyeandika alikuwa mtu ninayemheshimu, tena ananiamkia kwa adabu.

Mama mmoja, anayeuza maandazi, akaniuliza, "Baba, mahesabu yako sawa?"

Nikafunga daftari. Nikasema, "Yako sawa tu."

Sikuiba mimi. Nilijiambia hivyo njia nzima. Nilijiambia kwamba mimi si mweka hazina, si mlezi wa kikundi, nilialikwa tu, na kwamba pengine kuna maelezo. Nilijiambia pia kwamba nikisema kutakuwa na fitina kanisani, na fitina ni dhambi. Unaona jinsi moyo unavyojua Maandiko unapoyahitaji! Andiko moja tu sikulikumbuka, lile la Yakobo 4:17, kwamba ajuaye kutenda mema naye asiyatende, kwake huyo ni dhambi.

Desemba ikafika, pesa hazikutosha. Walioathirika walikuwa wengi kidogo kidogo, ila mama wa maandazi alikuwa ameweka hisa nyingi kuliko wote, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaingia kidato cha tano. Binti alichelewa kuripoti shule kwa muda mrefu. Kikoba kikafa. Aliyeandika daftari alihama. Mimi niliendelea kukaa kiti changu cha siku zote, safu ya pili, karibu na feni.

Basi sasa unaelewa kwa nini mwizi wa kwenye lifti hanitoki kichwani. Kifaa nilikuwa nacho. Miaka yote ile ya kujumlisha na kutoa, macho yaliyozoea kuona tarakimu iliyokaa vibaya, hicho kilikuwa kifaa changu cha mkononi, na siku ile kilifanya kazi vizuri kabisa. Kiliona. Wewe chako ni kipi? Labda ni nesi unayejua dawa ile haikufika wodini. Labda ni mwalimu umeona alama za kamba kwenye mkono wa mtoto. Labda wewe ni mjumbe wa kamati ya ujenzi na unajua bei ya bati. Tunaomba Mungu atupe nguvu, tunafunga na kukesha tukiomba upako, na huku kile alichokwisha kutufunga mkononi kinapata kutu kwa kuwa tukikitumia tutagombana na watu.

Isaya 59 ina maneno makali juu ya watu wanaosuka utando wa buibui, kwamba nyuzi zao hazitakuwa vazi, hawatajifunika kwa kazi yao. Bildadi naye, katika Ayubu 8, anasema tumaini la asiyemcha Mungu ni nyumba ya buibui, ataitegemea, isisimame. Bildadi alimkosea sana Ayubu, lakini picha aliyoitumia ni ya kweli. "Yako sawa tu" ulikuwa utando wangu. Nimeuegemea miaka.

Wataalamu wanasema buibui kwa kawaida harushi utando jinsi Spider-Man anavyofanya. Huubandika kwanza mahali, kwa mwili wake, ndipo huondoka akiuvuta. Lazima aguse. Mafundi wa gereji nao wamegundua kitu cha jinsi hiyo: kurusha si kazi ngumu, kazi ni kile kinachonata upande wa pili. Mpwa wangu msumari wake unagonga ukuta na kuanguka kwa sababu hiyo hiyo.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa dada yangu, nikatimiza ahadi. Nilimwambia kijana asome kwanza, halafu aendelee na kifaa chake, ila asiuelekeze msumari kwenye uso wa mtu na avae miwani. Dada yangu alinuna kidogo. Kisha nikawasimulia wote habari ya Uzia, na ya lifti, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikawasimulia na ya daftari.

Kijana alikuwa anakaza mpira wa baiskeli kwenye mkono. Hakuinua kichwa. Akauliza, "Na yule mama, mjomba, ulishamwambia?"

Chai ilipoa mbele yangu.

Jumanne asubuhi na mapema nilikwenda. Alikuwa ameinama kwenye karai, moshi unamwingia machoni, wanafunzi wamepanga foleni na sarafu. Nikasubiri waishe. Nikamwambia yote, kiasi, ukurasa, na kwamba niliona. Hakusimama. Aligeuza maandazi mawili, akayatoa, akayachuja mafuta.

"Baba," akasema, "nilijua kwamba unajua. Siku ile ulifunga daftari kwa haraka."

Nikamuomba msamaha. Akanyamaza muda mrefu, kisha akanifungia maandazi manne kwenye gazeti, akakataa pesa yangu, akasema wanaanza tena kikoba mwezi ujao, chini ya mwembe ule ule, na kwamba wanahitaji mtu wa kusoma hesabu kwa sauti, mbele ya wote, kila Jumapili baada ya ibada ya pili.